Miezi saba nasifia uchafu

Najua nimepotea. Kuna watu wameshaniuliza kama nimemaliza shule nikarudi nyumbani kimyakimya, hapana, nipo huku huku Ujerumani, maabara ile ile ya chini kabisa isiyo na dirisha, ila kuna kitu kilinitokea mwaka jana kikanikata stimu hata ya kuandika, na sasa aibu imeshapungua kidogo kwa hiyo acha niseme.

Kwa mgeni wa hapa, mimi ni mwanakemia, nafanya PhD, natengeneza katalisti za kupasua maji. Vitabuni mtakuta kichocheo, mimi ulimi umeshazoea katalisti kwa hiyo nitachanganya, mnivumilie. Ukipitisha umeme kwenye maji upande mmoja unatoka haidrojeni na upande wa pili oksijeni, na hii si habari mpya hata kidogo, Nicholson na Carlisle walishaifanya London mwaka 1800. Haidrojeni ukiipata unaweza kuitunza, ukaichoma, ukatengenezea mbolea, ukairudisha kuwa umeme siku jua halipo. Shida ni bili. Nitaongea kwa uniti za LUKU, yaani kilowati-saa, ili tuelewane: kilo moja ya haidrojeni ina nishati kama ya uniti 33, lakini kuitengeneza kiwandani unakula uniti 50 na kitu. Hizo zilizobaki zimekwenda wapi? Zimekuwa joto tu, zimepotea hivi hivi unaziona.

Mama yangu yuko Ngara, hajasoma kemia, na kila nikipiga simu baada ya shikamoo na marahaba na umekula nini anauliza "na ile kazi yako ya maji mwanangu imefikia wapi". Siku moja nikaamua nimweleze vizuri. Nikamwambia mama, katalisti ni mshenga. Familia mbili zinatakana, mtaa mzima unajua zinatakana, ila bila mtu wa kwenda na kurudi jambo linaweza kukaa miaka. Mshenga anaingia, anaongea huku, anaongea kule, mambo yanaiva, ndoa inafungwa, yeye mwenyewe haoi wala haolewi, kesho yuko huru anakwenda kushughulikia wengine. Mama akauliza, na kama hao watu hawatakani kabisa? Nikasema hapo hata upeleke washenga kumi utarudi na soda tu, katalisti haiwezi kufanya lisilowezekana liwezekane, inachofanya ni kuharakisha basi. Akanyamaza kidogo halafu akacheka, akasema, lakini wewe si unapasua maji? Sasa huyo ni mshenga wa ndoa au wa talaka?

Aisee sikuwa nimefikiria. Nikamjibu wanaachana huku wanaoana kule, oksijeni mbili zinashikana, haidrojeni mbili zinashikana. Akasema haya. Ila swali lake ndiyo moyo wa kazi yangu kwa sababu hizo ndoa mbili hazilingani kabisa. Ya haidrojeni haina makuu, elektroni 2 tu zinatosha, chap imekwisha. Ya oksijeni ni vikao juu ya vikao, lazima zitolewe elektroni 4, moja baada ya nyingine, halafu atomi mbili za oksijeni ambazo hazikuwa na mpango wowote zikutanishwe uso kwa uso. Kwa hesabu za karatasini maji yanatakiwa kuanza kupasuka kwenye volti 1.23, hiyo ndiyo mahari yenyewe na hakuna wa kuikwepa. Mashine halisi zinakaa volti 1.8 mpaka 2. Kinachozidi pale ni kama zile faini za mlangoni ambazo watu wanakutoza kwa sababu mshenga wako mzembe, na sehemu kubwa ya faini inatozwa upande wa oksijeni. Huko ndiko nilikojichimbia miaka yote hii.

Kuna madini yanaitwa iridiamu ambayo kazi hiyo inaifanya vizuri na haiogopi asidi, tatizo dunia nzima inatoa tani 7 au 8 hivi kwa mwaka, nyingi yake kutoka Afrika Kusini. Tani nane! Zinaingia kwenye Fuso moja. Huwezi kujenga nishati ya dunia juu ya kitu cha Fuso moja kwa mwaka. Kwa hiyo watu kama mimi tunahama kwenye asidi tunakwenda kwenye besi, kinyume cha asidi, kwenye maji yenye potasiamu haidroksaidi, KOH kama tunavyoiita, ambako unaweza kutumia metali za kawaida kama nikeli. Na mimi nikeli nina undugu nayo, maana mtu wa Ngara huwezi kumwambia kitu kuhusu nikeli, ya Kabanga, hapo hapo wilayani kwetu, tunaisikia toka tuko wadogo kwamba itachimbwa, itachimbwa. Kwenye barua ya kuomba nafasi hii niliandika aya nzima kuhusu Kabanga. Naamini ndiyo iliyonipa nafasi, alama zangu zilikuwa za kawaida tu.

Sasa twende kwenye kisa.

Mwaka wa pili nilitengeneza kitu cha nikeli na fosforasi juu ya foamu ya nikeli. Foamu ya nikeli ni kama dodoki la chuma, jepesi, lina matundu matundu, unalikata vipande kama vya kadi ya simu. Nikakipika kwenye tanuru, kikatoka cheusi, kizuri. Kwenye fani yetu kipimo cha kutambiana ni unahitaji milivolti ngapi za ziada juu ya ile 1.23 ili upate miliampea 10 kwa kila sentimita ya mraba, zikiwa chache ndiyo bora. Siku ya kwanza nikapata 320. Sawa, si mbaya. Nikaiacha ikifanya kazi usiku kucha. Siku ya pili 295. Siku ya tano 265.

Mnanielewa lakini? Ilikuwa inaimarika jinsi inavyofanya kazi! Kitu gani duniani kinaimarika kwa kutumika, daladala? Supavaiza alifurahi, akaja mwenyewe chini kule kusimama mbele ya skrini. Nikatunga na nadharia, kwamba fosforasi inayeyuka taratibu inaacha uso wenye mashimo mashimo, uso unakuwa mkubwa, ndiyo maana. Nikachora na mchoro wenye rangi. Kwa miezi saba nikarudia sampuli, nikapima, nikaandika, nikaomba nafasi ya posta, lile bango la kuonyeshea utafiti, kwenye mkutano, nikapata. Nyumbani nikawaambia mambo yanakwenda vizuri sana, na mama akawaambia kanisani.

Halafu chupa ya KOH ikaisha.

Hiyo tu. Chupa kubwa ya zamani iliyokuwa kwenye kabati tangu kabla sijafika, imeisha, fundi wetu wa maabara, mzee mmoja mkimya ambaye watu wanamwogopa kuliko profesa, akaagiza nyingine ya daraja la juu zaidi kwa sababu bei ilikuwa imeshuka. Nikachanganya maji mapya, nikaweka sampuli yangu bora kuliko zote, nikawasha. 380. Siku ya pili 378. Siku ya tano iko pale pale imenikazia macho.

Nilibadilisha waya. Nilibadilisha elektrodi rejea, ile ya kulinganishia volti. Nilipima joto la chumba. Nililaumu tanuru, nililaumu foamu, nikatengeneza sampuli mpya kumi na moja na zote zikawa mbovu, nikaanza kuhisi hata nimesahau mikono yangu. Wiki tatu nzima nalala na kuamka na huo mzigo, na sikumwambia supavaiza kwa sababu posta ilikuwa imeshapelekwa kuchapwa.

Aliyeniokoa, au aliyenizika, sijui, ni dada mmoja wa Kiirani aliyekuwa postdoki, mtafiti aliyeshamaliza PhD, kwenye kundi la jirani. Tulikuwa tunakunywa chai, nikamwaga yote. Hakuuliza kuhusu sampuli hata kidogo. Akauliza, KOH yako umeisafisha chuma? Nikasema ya kwanza hapana, ya kawaida tu. Na ya pili? Ya pili ni safi zaidi toka kiwandani. Akaweka kikombe chini, akanitazama kwa ile huruma ya mtu anayejua msiba ambao wewe hujaambiwa bado.

Usiku ule nikasoma. Mwaka 1987 mtafiti wa maabara za General Motors, Dennis Corrigan, alishaonyesha kwamba elektrodi ya nikeli oksaidi ikipata chuma, hata kiasi kidogo mno cha chuma kilichoingia kwa bahati mbaya kutoka kwenye maji, utoaji wa oksijeni unaruka juu. Watu wa betri za nikeli walikuwa wanakijua chuma kama adui, maana betri ikichajiwa umeme unaishia kutengeneza mapovu ya oksijeni badala ya kujaa. Kero ya mwenye betri ndiyo ninayoitafuta mimi! Na mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher, Chuo Kikuu cha Oregon, wakaifunga kesi, wakasafisha KOH mpaka chuma kikatoka, na nikeli ile iliyokuwa inasifiwa miaka yote ikageuka goigoi. Wakaonyesha na kwamba filamu za nikeli zikikaa kwenye KOH isiyosafishwa zinakunywa chuma taratibu na zinaimarika siku hadi siku.

Zinaimarika siku hadi siku. Nilisoma hiyo sentensi nikafunga laptopu.

Kwa lugha ya mama, mshenga niliyekuwa namsifia na kumvisha kilemba hakuwa amesema neno hata moja kwenye kile kikao. Kuna shangazi alikuwa amekaa jikoni kwenye moshi, hakuna aliyemtambulisha, ndiye aliyemaliza mambo yote.

Lakini mtu hakubali kirahisi, na mimi nikasema sampuli yangu ni tofauti. Nikafuata mapishi yao ya kusafisha, ambayo ni mazuri mpaka yanachekesha: unatengeneza nikeli haidroksaidi safi kabisa, uji wa kijani hivi, unaumwagia ile KOH, unatikisa, unaacha upumzike kama saa tatu, ule uji wenyewe unanyonya chuma chote, halafu unazungusha kwenye sentrifuji unachukua maji ya juu. Yaani unamtumia mlevi kukausha pombe ndani ya nyumba. Na vyote ufanye kwenye plastiki, si glasi, kwa sababu KOH inaila glasi taratibu na glasi nayo ina chuma chake. Mimi miezi saba nilikuwa natumia bika, vile vikombe vya maabara, za glasi.

Nikapima. Sampuli yangu ndani ya maji yaliyosafishwa: juu ya 400, na haikuimarika hata milivolti moja. Bado sikutosheka, nikafanya la mwisho, lile lililoniuma zaidi. Nikachukua foamu ya nikeli tupu, ya dukani, haijapikwa, haina fosforasi, haina nadharia wala mchoro wenye rangi, nikaitumbukiza kwenye tone la mwisho la ile KOH ya zamani lililobaki kwenye chupa yangu ya akiba, nikaiacha siku tano.

275.

Milivolti kumi tu nyuma ya kazi yangu ya miezi saba.

Mtauliza mbona sikukiona hicho chuma mapema, si mna mashine. Tunazo, na hapa ndipo penye kichekesho ambacho wenye fani watakielewa. Nilipima uso wa sampuli kwa eksirei, ile mashine inayokuambia ni elementi gani ziko juu juu, lakini mashine yetu inatumia taa ya alumini, na kwa taa ya alumini nikeli inatoa mawimbi yake fulani ambayo yanaangukia pale pale chuma kinapotakiwa kuonekana. Nikeli inakifunika chuma kabisa, kama mtu mnene aliyekaa mbele yako sinema. Ukitumia taa ya magnesiamu yanasogea, unakiona. Nikaomba kwenye maabara nyingine yenye magnesiamu, nikakiona, kimekaa kimetulia.

Kwenda kumwambia supavaiza nilijiandaa siku mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aone grafu ya foamu tupu, akaitazama muda mrefu, akasema neno moja la Kijerumani ambalo sitaliandika hapa, halafu akasema posta tunaiondoa. Hakunifokea. Ningependa angefoka. Baadaye akaniambia kwamba angetakiwa kuniuliza hilo swali mwezi wa kwanza kabisa na hakuuliza kwa sababu grafu ilikuwa nzuri mno, na kwa hilo namheshimu mpaka kesho.

Ila nina hasira zangu pia. Mpaka leo ukifungua majarida unakuta pepa za katalisti mpya, nikeli na hiki, kobalti na kile, imeimarika kwa kutumika, na ukisoma ile sehemu ya jinsi walivyofanya hakuna mstari hata mmoja kuhusu kusafisha chuma. Miaka yote hii baada ya Corrigan! Na upande wa haidrojeni kuna madudu yake, watu wanaweka platinamu kama elektrodi ya pili, platinamu inayeyuka chembe chembe inavuka maji inakwenda kujibandika kwenye sampuli, halafu mtu anatangaza amepata katalisti ya bei rahisi inayofanya kazi kama platinamu. Inafanya kazi kama platinamu kwa sababu ni platinamu, jamani. Weka fimbo ya grafaiti, ni rahisi hivyo. Sisemi wote ni waongo, mimi mwenyewe sikuwa mwongo, nilikuwa na furaha tu, na nadhani furaha ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mwongo angalau anajua wapi asiguse.

Kilichonipoza kidogo ni historia ya jirani zetu hapa. Mwaka 1909 kiwanda cha BASF kilikuwa kinatafuta katalisti ya kutengenezea amonia, hiyo hiyo ya mbolea mnayoweka shambani. Fritz Haber alikuwa ameipata kwa osmiamu na urani, vitu adimu au ghali mno kwa kiwanda. Alwin Mittasch akapewa kazi ya kutafuta cha bei nafuu, wakajaribu chuma, chuma safi kilikuwa kibovu tu, mpaka siku wakajaribu jiwe la chuma kutoka Gällivare, Sweden, na likafanya kazi ajabu. Kwa nini lile jiwe na si chuma safi? Uchafu. Lilikuwa na vitu vingine ndani yake. Lakini Mittasch hakukaa kulisifia jiwe, alikaa kuuliza ni uchafu gani, akawa anachanganya kwa makusudi, maelfu ya majaribio, mpaka wakafika kwenye chuma chenye alumina (oksaidi ya alumini) na potasiamu, na mpaka leo viwanda vya amonia vingi vinatumia watoto wa mchanganyiko ule. Kuelewa vizuri kinachotokea juu ya ule uso kukachukua miongo mingi tena, Gerhard Ertl wa Berlin akapewa Nobel ya 2007 kwa kazi ya namna hiyo.

Basi na mimi nikaacha fosforasi nikamfuata shangazi jikoni. Sasa hivi naweka chuma kwa makusudi na kwa kipimo, na swali langu ni jingine: kinakaa? Maana mwaka 2020 kundi la maabara ya Argonne, Marekani, walionyesha kwamba chuma hakijatulia pale juu kama nilivyodhani, kinatoka kinaingia majini kinarudi kinakaa tena, kutoka na kurudi, na katalisti inabaki hai ilimradi ndani ya maji kuna chuma kidogo cha kurudi. Ukiinyima maji yenye chuma inakufa polepole. Kwenye bika yangu ya plastiki kwa nyuzi 25 hiyo naiona vizuri. Kiwandani ni nyuzi 80, KOH ni asilimia 30, na mashine inawashwa na kuzimwa kufuata jua na upepo, huko chuma kinafanya nini ndiyo naanza kuona, na kuna grafu mbili tatu sizielewi kabisa. Nimezibandika ukutani.

Mama nilimwambia ukweli miezi miwili baadaye. Alisikiliza, akauliza hicho chuma kilichokuharibia kazi ni chuma gani, cha nondo? Nikamwambia ni kile kile kinachofanya udongo wetu pale Ngara uwe mwekundu. Kimya. Halafu akasema, huo ndio ulienda kusomea Ulaya? Ungeniambia ningekutumia kwenye rambo.

Tulicheka mpaka vocha ikaisha, lakini hakukosea sana. Krismasi nilikuwa nyumbani, nikarudi Ujerumani na raba zangu nyeupe, kesho yake naingia maabara yule fundi mzee akanisimamisha mlangoni, akainama, akatazama soli. Vumbi jekundu la barabara ya Ngara, limejaa kwenye kila ufa. Hakusema kitu, akanyoosha kidole kwenye korido. Toka siku hiyo zile raba zinalala nje ya mlango, na ndani natembea na ndala za plastiki.